Kizuri chajiuza? Kwenye Google hakijiuzi: SEO kwa kampuni ndogo za programu

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongee biashara na teknolojia. Napata sana ujumbe kutoka kwa vijana wenye kampuni ndogo za kutengeneza programu za kompyuta na simu, na swali ni lile lile: "Kaka, tovuti tunayo, programu ni nzuri, wateja wachache waliopo wanaisifia. Mbona Google haituoni?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona niandike hapa mara moja, kila mtu asome, na wenye ujuzi zaidi waongezee kwenye maoni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli, maana mnunuzi anapita mbele ya meza yako na nyanya anaziona kwa macho yake. Programu haina rangi wala harufu, na mnunuzi wake hapiti mbele ya meza yoyote. Anaandika maneno matatu manne kwenye simu, anasoma majibu ya juu, anampigia mmoja au wawili, basi. Kama haumo kwenye majibu hayo, kwake wewe hupo duniani.

Na hasara si yako peke yako. Mwenye duka la dawa kule Mbeya ambaye hakukupata ataishia kununua mfumo wa nje usiojua risiti ya TRA ni kitu gani, na siku ukikwama hana wa kumpigia simu. Au atarudi kwenye daftari lake. Mmepoteza wote wawili, na wewe mwisho wa mwezi mishahara ya vijana watatu inakusubiri.

Nitakayosema hapa yote yanarudi kwenye jambo moja: kampuni ndogo haishindi kwa kuichezea Google akili. Inashinda kwa kujibu maswali madogo madogo ya mteja, kwa maneno ya mteja mwenyewe, vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Yanayobaki ni usafi wa nyumba tu. Twende taratibu.

SEO ni mdudu gani?

Ni kazi ya kuiandaa tovuti ili injini za kutafuta ziweze kuifikia, kuielewa, na kuona inafaa kuonyeshwa kwa mtu anayeuliza. Nasema Google kwa sababu ndiyo inayotumiwa na wengi wetu, lakini Bing na wengine wanafanya kazi kwa namna inayofanana.

Kazi yao ina hatua tatu. Kwanza, roboti (ya Google inaitwa Googlebot) inatembea mtandaoni kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata viungo, yaani linki. Ukurasa usio na linki hata moja inayoelekea kwake ni kama nyumba isiyo na njia. Pili, inachokisoma inakiweka kwenye faharasa, kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu, ila hii ni ya mabilioni ya kurasa. Tatu, mtu akiuliza, inachambua faharasa na kupanga nani awe juu na nani awe chini.

Google ilipoanza mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walikuja na wazo la PageRank: linki kutoka tovuti nyingine ihesabiwe kama kura, na kura ya tovuti inayoheshimika iwe na uzito zaidi. Leo vigezo ni vingi sana na linki ni kimojawapo tu. Lakini hatua tatu ni zile zile: kufikiwa, kueleweka, kuaminika. Ukikwama kwenye ya kwanza, hizo nyingine hazina maana.

1. Hakikisha mlango uko wazi

Fungua Google, andika site: halafu anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi katikati. Utaona baadhi ya kurasa ambazo Google inazijua. Kama hakuna hata moja, au ni ukurasa wa mwanzo tu, tatizo lako bado si ushindani. Roboti haijaingia ndani.

Kwa kampuni za programu sababu huwa ni hizi. Moja, tovuti ilipokuwa inajengwa fundi aliweka alama ya noindex, au kwenye faili la robots.txt aliandika Disallow: / ili watu wasiione kabla haijaiva, halafu siku ya kuzindua kila mtu akasahau. Mbili, tovuti nzima imejengwa kwa JavaScript, seva inatoa ukurasa mtupu na maneno yanakuja baadaye. Google ina uwezo wa kuendesha JavaScript, ila ni kazi ya ziada na inaweza kuchelewa, na roboti nyingine nyingi hazihangaiki nayo kabisa. Mshahara wa programu yako unaweza kulipwa na JavaScript, sawa, lakini kurasa za kujitangaza ziwe za HTML ya kawaida inayotoka moja kwa moja kwenye seva. Tatu, kila kitu kizuri kimefungiwa nyuma ya neno la siri: maelezo ya matumizi, picha za mfumo, majibu ya maswali. Roboti haina akaunti kwako, haiwezi kuingia.

Dawa ni kujiandikisha Google Search Console, bure kabisa. Zamani ilikuwa inaitwa Webmaster Tools, ikabadilishwa jina mwaka 2015. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako kwa kuweka rekodi moja kwenye DNS, halafu inakuonyesha kurasa zilizoingia kwenye faharasa, zilizokataliwa na sababu zake. Ukiipa anwani ya ukurasa mmoja inakuonyesha jinsi Googlebot ilivyouona. Mpe pia ramani ya tovuti, lile faili la sitemap.xml. Fanya hivyo hivyo Bing.

Hapo hapo angalia jambo ambalo watu wanalidharau: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Ninaijua kampuni moja, jina kapuni, ambayo .co.tz yao ilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi aliyewatengenezea tovuti. Walipokosana naye, muda wa jina ukaisha, na hapakuwa na mtu mwenye neno la siri la kulipia. Linki zote na sifa zote za miaka zikaondoka nalo. Jina la tovuti ni mali kama hati ya kiwanja. Liwe mikononi mwako.

2. Maneno ya mteja, si maneno yako

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tembelea tovuti za kampuni zetu uone. Ukurasa wa mwanzo umeandikwa kitu kama "Tunatoa suluhisho bunifu na jumuishi za kidijitali kwa taasisi za kisasa". Jamani, nani anaandika hivyo kwenye Google? Mama mwenye duka la vipodozi Kariakoo anaandika "programu ya duka", "mfumo wa kuuzia dukani", "app ya kurekodi mauzo", "jinsi ya kujua faida ya duka". Mhasibu wa SACCOS anaandika "mfumo wa kukokotoa riba ya mkopo". Mwalimu mkuu anatafuta "programu ya kutengeneza ripoti za wanafunzi". Hakuna hata mmoja aliyetaja suluhisho jumuishi.

Utayapata wapi maneno yao? Hayahitaji programu ya kulipia. Unayo tayari mfukoni. Fungua WhatsApp ya biashara, pitia mazungumzo ya miezi mitatu, andika pembeni sentensi ya kwanza ya kila mteja mpya kama alivyoiandika yeye, na makosa yake ya herufi. Muulize anayepokea simu: watu wanaanzaje kuuliza? Halafu nenda Google, anza kuandika "mfumo wa..." usimalize, uone inakupendekezea nini, maana yale mapendekezo yanatokana na yale watu wanayoyatafuta. Mwisho ingia Search Console, sehemu ya utendaji, uone maneno yaliyokuleta kwenye majibu hata kama hakuna aliyebofya. Pale utakuta vitu ambavyo hukuwahi kuvifikiria.

Utagundua mambo mawili. La kwanza, kitu kimoja kina majina mengi: programu, mfumo, sofwea, app, system. Huhitaji kurasa tano kwa majina matano, Google siku hizi inaelewa maneno yanayokaribiana. Andika ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida, majina hayo yatajitokeza yenyewe unavyoeleza. La pili, maneno mafupi yana vita kubwa, na marefu yana mteja. Anayeandika "software" hujui anataka nini, pengine ni mwanafunzi anafanya kazi ya darasani. Anayeandika "mfumo wa duka la dawa unaoonyesha dawa zinazokaribia kuisha muda" ana duka, ana tatizo, na yuko tayari kulipa. Wanaoandika hivyo kwa mwezi ni wachache. Lakini wewe wateja wangapi wapya kwa mwezi wanatosha kukuendesha? Watano? Kumi? Basi huhitaji umati.

3. Hitaji moja, ukurasa mmoja

Kosa lililozoeleka ni kuwa na ukurasa mmoja unaoitwa "Huduma zetu" wenye orodha ya vitu kumi na mbili, kila kimoja mstari mmoja. Google ikiulizwa kuhusu duka la dawa, ule ukurasa wako unazungumzia dawa kwa maneno sita. Itauchagua kwa lipi?

Tenganisha. Kama mfumo wako unatumika kwenye maduka ya dawa, ya vifaa vya ujenzi na ya jumla, kila kundi lipewe ukurasa wake wenye maelezo ya kweli yanayolihusu. Duka la dawa lina tarehe za kuisha muda. Duka la vifaa vya ujenzi linauza nondo kwa kipande na misumari kwa kilo. Duka la jumla lina bei mbili tatu na wateja wa mkopo. Ukikopi maelezo yale yale na kubadilisha neno moja tu, unajidanganya, na Google inajua.

Kila ukurasa uangalie hivi:

- Kichwa cha ukurasa, ile alama ya title. Kiwe kifupi, maneno ya mteja yatangulie, jina la kampuni lije mwisho. "Mfumo wa duka la dawa: stoo, mauzo na tarehe za kuisha" kinafaa. "Mwanzo" au "Karibu" hakimsaidii mtu.
- Anwani ieleweke: /mfumo-wa-duka-la-dawa, si /page?id=37.
- Yale maelezo mafupi ya meta hayakupandishi nafasi, lakini mara nyingi ndiyo yanayosomwa chini ya kichwa. Mtu akiyasoma ajue kwa nini abofye.
- Picha za mfumo wenyewe, wenye data za mfano zinazofanana na za hapa. Zile picha za Wazungu wanatabasamu kwenye kompyuta hazimsaidii mtu kujua mfumo wako unafananaje.
- Bei. Najua hapa mtanipinga. Mnaogopa washindani. Lakini mteja anaandika "bei ya mfumo wa duka", na mwenye kuandika bei ndiye mwenye kujibu. Kama bei inabadilika, andika inaanzia ngapi na kinachoipandisha ni nini.

Yale maneno muhimu mliyokuwa mnayajaza kwenye alama ya meta keywords, acheni. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga majibu. Bado nakuta watu wanauziwa huduma hiyo hadi leo.

4. Dhahabu iko kwenye simu za malalamiko

Hii ndiyo faida kubwa ya kampuni ya programu ukilinganisha na muuza viatu. Kila siku unajibu maswali. Printa ya risiti inatoa karatasi tupu. Stoo ya kwenye mfumo hailingani na ya rafuni. Nahamishaje bidhaa 800 kutoka Excel? Mfanyakazi amefuta mauzo, nitajuaje? Unamjibu mmoja kwenye simu dakika ishirini, kesho unamjibu mwingine yale yale.

Andika jibu mara moja, liweke kwenye ukurasa wa wazi, hatua kwa hatua na picha. Hapo umeua ndege wawili: mteja wa zamani unamtumia linki badala ya kurudia hadithi, na mtu asiyekujua mwenye tatizo hilo hilo anakukuta wewe kwenye Google. Mtu uliyemtatulia tatizo la printa bure atakukumbuka siku anatafuta mfumo.

Nenda mbali zaidi. Mshindani wako mkubwa si kampuni ya Marekani. Ni daftari, likifuatiwa na Excel. Basi wasaidie hata wenye daftari. Andika jinsi ya kuweka hesabu za duka kwenye daftari kwa usahihi, toa faili la Excel la bure la kufuatilia stoo, eleza ukweli ni wakati gani daftari linatosha na ni wakati gani linaanza kukuibia. Ukiwa mkweli kiasi cha kumwambia mtu "duka lako bado dogo, huhitaji mfumo wetu", watu watakutaja.

Mambo ya kodi nayo ni shamba zuri, maana yanabadilika na kila mfanyabiashara anayahangaikia. Tanzania tuna EFD tangu 2010, na siku hizi kuna VFD. Uganda EFRIS ilianza kutumika rasmi Januari 2021. Kenya kuna eTIMS, na tangu Januari 2024 mfanyabiashara anayetaka gharama zake zitambuliwe kwenye kodi ya mapato anatakiwa awe na ankara za mfumo huo, isipokuwa yale yaliyosamehewa. Kampuni ya California haitakaa iandike jinsi ya kuunganisha mauzo ya duka la Gongo la Mboto na risiti za TRA. Wewe unaweza. Ila usikisie sheria, soma tangazo lenyewe la mamlaka, weka tarehe uliyoandika, na rudi kusahihisha likibadilika.

5. Kiswahili ni silaha, usiifanye mapambo

Kurasa za Kiingereza kuhusu mifumo ya mauzo zimejaa mtandaoni, na nyingi zina watu wenye fedha nyuma yao. Ukienda kwenye maswali hayo hayo kwa Kiswahili uwanja ni mweupe. Jaribu mwenyewe leo, andika swali la mteja wako kwa Kiswahili uone majibu yanayokuja. Mara nyingi utakuta video mbili tatu na ukurasa wa lugha ya ajabu uliotafsiriwa na mashine.

Andikeni Kiswahili cha watu, kile mnachoongea na mteja dukani. Kama wateja wako wanasema "stoo" usiandike "ghala la bidhaa" mwanzo hadi mwisho kwa sababu mwalimu wako wa sekondari angefurahi. Ukiwa na wateja Kenya, kumbuka maneno yao yanaweza kuwa tofauti na ya Dar.

Kwa wenye lugha mbili: kila lugha ipewe kurasa zake na anwani zake, siyo kuchanganya kwenye ukurasa mmoja au kubadilisha kwa kitufe huku anwani ikibaki ile ile. Halafu unganisha kurasa hizo kwa hreflang, Kiswahili ni sw na Kiingereza ni en. Ukitaka kutaja nchi andika sw-TZ au sw-KE. Nimeona watu wanaandika "tz" au "ke" kama lugha. Hizo ni alama za nchi, zikikaa peke yake hapo hazimaanishi unachotaka.

6. Simu ya mteja, si kompyuta yako

Google inaipima tovuti yako kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu. Mpango huo waliutangaza 2016 na mwaka 2023 wakasema wamekamilisha kuhamia huko. Kwa hiyo kama maelezo yako yanaonekana kwenye kompyuta lakini kwenye simu umeyaondoa, kwa Google hayapo.

Kasi nayo wameiwekea vipimo vitatu. Kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Mtu akigusa kitufe, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200. Na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, alama isizidi 0.1. Zana ya PageSpeed Insights itakupimia bure. Kasi peke yake haitakufikisha juu kama huna la kusema, lakini mteja wa kifurushi cha MB hasubiri. Punguza ukubwa wa picha, ondoa ile video inayojicheza yenyewe, ondoa plagini usizotumia. Na hakikisha una https, wao wenyewe walisema 2014 kwamba wanaihesabu.

7. Kuaminika hakununuliwi

Linki nzuri kwa kampuni ndogo zinatoka kwa watu mnaojuana kweli. Chama cha wafanyabiashara ambacho ni mwanachama. Chuo ulichowafundishia wanafunzi. Kampuni inayouza printa za risiti, ambayo inaweza kuwaelekeza wateja wake kwenye maelezo yako ya kufunga printa. Gazeti au blogu iliyoandika habari yako. Na lile faili la bure la Excel, watu watalisambaza wenyewe.

Kama una ofisi au unawatembelea wateja, fungua Google Business Profile, ni bure. Weka saa za kazi za kweli, simu inayopokelewa, picha za ofisi. Waombe wateja waliofurahi waandike maoni yao. Usijiandikie mwenyewe na usinunue, ni kinyume cha masharti yao na wateja siku hizi wanayanusa.

Na nyie mnaojaza linki za biashara zenu kwenye maoni ya blogu, humu mkiwemo, tangu 2005 kuna alama ya nofollow iliyowekwa kwa ajili hiyo hiyo. Mnapoteza muda wenu na wangu.

Matapeli wa "ukurasa wa kwanza"

Sasa tuongee la moyoni. Kuna watu wanapita kwenye ofisi ndogo wakisema "nipe laki tano, wiki mbili uko namba moja". Google yenyewe imeandika kwenye miongozo yake kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja, na kwamba haipokei malipo ili kumpandisha mtu kwenye majibu ya kawaida. Matangazo ya kulipia ni kitu kingine, nayo huandikwa kwamba ni tangazo. Wanasema pia kwamba mtaalamu wa kweli kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi mwaka mzima kabla faida haijaonekana.

Huyo wa wiki mbili atafanya mojawapo ya haya. Atakupandisha kwa jina la kampuni yako, jina ambalo hakuna mwingine analitumia, halafu akuonyeshe "umeona?" Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Au atakununulia maelfu ya linki za takataka. Mwaka 2011 Google ilileta Panda iliyoshusha tovuti zenye maandishi hafifu, na mwaka 2012 ikaleta Penguin kwa wachezea linki. Machi 2024 wakaongeza masharti dhidi ya kuzalisha kurasa kwa wingi ili kuchezea majibu, iwe kwa mkono au kwa mashine. Kwa hiyo anayekuuzia kurasa 500 za AI kwa bei poa anakuuzia bomu. Yeye ataondoka na laki tano, tovuti itakayoshushwa ni ya kwako.

Mtaalamu mzuri wapo, tena wengi. Utamjua kwa maswali: atataka kujua wateja wako ni akina nani na wanakuingizia nini, atakuonyesha anachobadilisha, na akaunti zote zitabaki kwa jina lako.

Na hii AI je?

Mwaka 2024 Google ilianza kuweka majibu ya akili mnemba juu ya majibu ya kawaida, kwanza Marekani, na 2025 ikaeneza hadi nchi na maeneo zaidi ya 200. ChatGPT nayo inatafuta mtandaoni. Matokeo yake, mtu akiuliza jambo la jumla kama "stoo ni nini" anaweza kupata jibu pale pale bila kubofya popote. Kurasa za namna hiyo zimepungua thamani, msihangaike nazo.

Lakini bei yako, picha za mfumo wako, hatua za kurekebisha kosa fulani kwenye printa fulani, uzoefu wa mteja wako wa Morogoro, hayo mashine haina pa kuyatoa isipokuwa mtu ayaandike. Tena majibu hayo huweka linki za walikoyatoa. Kazi inabaki ile ile, kuandika kitu ambacho wewe tu unakijua.

Pima simu zinazoita

Usilale na kuamka unaangalia uko nafasi ya ngapi. Nafasi hubadilika kwa mahali, kwa simu, kwa siku. Pima mnyororo mzima. Tuseme ukurasa wa duka la dawa umebofywa mara 200 kwa mwezi, watu 10 wakapiga simu, 2 wakanunua. Ukijua hivyo unajua pa kurekebisha. Wanakuja wengi hawapigi? Ukurasa haueleweki, au bei imefichwa. Wanapiga hawanunui? Hilo si la SEO tena, kaa na muuzaji wako. Na kila anayepiga aulizwe swali moja: "Umetupata wapi?" Liandikwe.

Kwa anayeanza na hana pesa, mwezi wa kwanza ni huu. Wiki ya kwanza, Search Console na milango. Wiki ya pili, kusanya maneno ya wateja na fungua Business Profile. Wiki ya tatu, andika kurasa mbili za mahitaji mawili yanayokulipa zaidi. Wiki ya nne, andika majibu manne ya maswali yanayopigiwa simu kila siku. Baada ya hapo jibu moja kila wiki, bila kuruka. Mwaka ukiisha una majibu zaidi ya hamsini ya kweli, kwa Kiswahili, na mtu mwenye mamilioni ya mtaji hawezi kuyanunua kwa wiki mbili.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye kampuni ya programu aandike hapo chini swali moja ambalo wateja wake wanauliza kila siku (swali tu, si linki!), tuone ni mangapi yana jibu la Kiswahili mtandaoni. Nahisi tutashangaa.